Mama mkwe hataki kula, wifi anasema namwua kwa njaa

Shikamoo Anti,

Huwa nasoma majibu yako kimya kimya. Leo imebidi niandike, maana nikilitamka jambo hili hapa nyumbani linageuka vita.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyakato hapa Mwanza, nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Mume wangu ni fundi magari. Tangu mwaka jana tunakaa na mama mkwe, ana miaka 76. Tulimleta kutoka ng'ambo, upande wa Sengerema, kwa sababu ya tumbo. Kule kijijini walimtibu vidonda vya tumbo muda mrefu. Hapa mjini wakamwingiza kamera, wakachukua kinyama kwenda kupima, ikaonekana ni saratani ya tumbo na imeshafika kwenye ini. Alianzishiwa dawa za saratani, mwili ukazikataa. Daktari akatuambia tumrudishe nyumbani, akisikia maumivu tumpe morfini ya maji, "na mpeni anachotaka kula". Basi. Hakuna aliyekaa chini kutueleza zaidi ya hapo.

Anti, hicho anachotaka kula hakipo.

Mwanzoni uji wa ulezi alikuwa anamaliza kikombe. Sasa vijiko vitatu vinne, anasukuma bakuli, anasema ameshiba. Namnunulia sato mbichi, namchemsha supu, naweka ndimu, anasema ananuka. Kila kitu kinanuka. Anasema mdomoni anasikia kama amelamba sarafu, na ulimi wenyewe una utando mweupe. Choo nacho anapata kwa taabu, wiki inaweza kukatika. Kinachoniumiza zaidi, nikirudi kutoka sokoni nikiingia chumbani kumwamkia, anageukia ukutani. Siku nyingine anatapika hata chakula sijamletea. Naona amenichoka.

Nina mawifi wawili. Mkubwa anakuja karibu kila mwisho wa wiki. Salamu hazijaisha ameshauliza, "Mama amekula?" Juzi alimkalisha, akamshika kidevu, akamlisha uji kwa nguvu, "mgonjwa haulizwi uji", huku yeye mwenyewe machozi yanamtoka. Mama akapaliwa, akakohoa mpaka tukaogopa, usiku akapata homa. Wifi akasema wapo wakamwana wanaoomba mgonjwa afe wapumzike. Alisema mbele ya wanangu. Yule mdogo yeye anashinda kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ametupiga marufuku kumpa soda na chai ya sukari kwa kuwa sukari inalisha saratani, ametuma majani ya mstafeli tumchemshie asubuhi na jioni. Mama anayatema.

Shemeji yuko Dar. Anatuma hela ya dripu, kijana wa duka la dawa anakuja kumtundikia chupa ya glukosi kwenye msumari wa chandarua. Siku za kwanza tulifurahi. Sasa miguu imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Shemeji anasema kama tumeshindwa tumsafirishe Dar, au awekewe mpira wa kulishia puani.

Mama hajaambiwa anaumwa nini. Anajua ni vidonda vya tumbo. Shemeji alisema akijua, presha itamwua kabla ya ugonjwa. Lakini usiku mmoja namgeuza ubavu, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, chakula kimenikataa. Nisaidie. Ukileta, mwaga, waambie nimekula." Nikafanya hivyo. Mpaka leo uji unaenda kwa kuku, na mimi naandika kwenye kundi "mama leo amekula vizuri". Kuku wangu wamenenepa Anti, nikiwaona nasikia aibu. Na wifi sasa anauliza, kama mama anakula vizuri, mbona anakonda? Anasema chakula nakula mimi na wanangu.

Mume wangu haongei. Anarudi usiku, anachungulia mlangoni kwa mama yake, anaenda kulala.

Niitoe siri ya mama? Niendelee kudanganya? Au na mimi nimlazimishe kula nisije nikabeba dhambi ya kifo chake? Nimechoka hata kuomba.

Mkamwana, Mwanza

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole. Unauliza mama afanyweje ale, unauliza nani aambiwe nini, na kuna swali la tatu ambalo hukuliandika lakini naamini ndilo lililokukalisha chini kuandika: ndani ya nyumba yako mwenyewe umewekwa kizimbani, na ushahidi unaodaiwa ni bakuli tupu.

Nianze na hiyo dhambi ya kifo. Umeandika kana kwamba mama anakwisha kwa sababu hali chakula. Wifi yako anaamini hivyo hivyo, mnachotofautiana ni nani wa kulaumiwa. Ebu ligeuze jambo lenyewe: mama hali chakula kwa sababu ugonjwa umefika mbali. Saratani iliyosambaa huufanya mwili utoe kemikali zinazozima njaa kwenye ubongo, na hizo hizo huyeyusha misuli na mafuta. Madaktari huiita hali hiyo kakeksia. Mwenye njaa ya kawaida ukimlisha nyama inarudi mwilini. Mwenye kakeksia unaweza kumshindilia chakula na bado akakonda, kwa kuwa mwili hauwezi tena kukitumia ipasavyo. Na pale uvimbe ulipo ndani ya tumbo lenyewe, na ini nalo limevimba linalibana, vijiko vitatu vinamshibisha kweli. Akikwambia ameshiba, mwamini.

Hata hivyo tusiutupie ugonjwa kila kitu. Kuna mambo uliyoyataja kwa kupita tu, na mimi ndiyo yaliyonishtua. Huo utando mweupe wa ulimi huenda ni fangasi wa kinywa. Huwapata sana wagonjwa waliodhoofika, huunguza mdomo, huharibu ladha, na dawa yake ipo, ni dawa ya kawaida kabisa. Aonwe na mhudumu wa afya, kinywa kimulikwe. Wakati huo msukutue kwa maji ya vuguvugu, glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, baada ya kula na kabla ya kulala. Akishindwa kusukutua, zungushia kitambaa laini safi kidoleni umpanguse taratibu.

Choo kinachokaa wiki, hicho nacho kinatosha kumfunga mtu mzima hamu ya kula na kumtapisha. Morfini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, ndiyo maana kwa kawaida hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo, ya kila siku. Kama hamkupewa, rudini mkaiombe. Msiikatize morfini kwa sababu hiyo. Na mkiwa huko ulizeni ratiba yake, kwa kuwa nguvu ya morfini ya maji hudumu kama muda wa saa 4 tu, na mara nyingi mgonjwa hupangiwa anywe kwa saa maalumu badala ya kusubiri maumivu yaanze. Mtu mwenye maumivu hali chakula. Kichefuchefu pia kina dawa yake.

Halafu hili la kukugeukia ukutani. Mwanangu, wewe unatoka Mwaloni! Umeshinda juani na magunia ya dagaa, umezoea, pua yako haisikii tena. Pua ya mgonjwa wa saratani hubadilika, harufu ndogo humjia kubwa, na harufu ya samaki ni ya kwanza kumchafua. Sijui moyo wake, lakini kabla ya kuamini amekuchoka, jaribu hivi: ukifika, oga, badili nguo, kanga ya sokoni ibaki nje, ndipo uingie kumwamkia. Jiko la mkaa lisogezwe mbali na dirisha lake, na hayo mambo ya kukaanga vitunguu koridoni yaishe. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kama cha moto, kwa hiyo mtindi wa baridi, kipande cha embe au chungwa, au uji uliopoa kabisa vinaweza kupita pale supu ya sato iliposhindwa. Acha bakuli, tumia kikombe cha kahawa. Kwenye hicho kidogo ongeza karanga zilizosagwa, maziwa au parachichi, ili hata kijiko kimoja kiwe na kitu. Angalia saa anayokuwa na nafuu, wengi ni asubuhi, umpe hapo. Akisukuma, ondoa, usiseme neno.

Kuhusu kulishwa kwa nguvu nitakuwa mkali kidogo. Aliyesema mgonjwa haulizwi uji, nadhani alikuwa na mgonjwa wa homa mawazoni, yule ambaye keshokutwa yuko shambani. Huyu wenu inabidi aulizwe. Akipaliwa, uji huweza kuingia kwenye mapafu ukaleta nimonia, na ile homa ya usiku ndiyo inayonitia wasiwasi. Kama homa imerudi, au anapumua haraka, au kifua kinakoroma, mpelekeni hospitali leo, barua hii isiwacheleweshe. Akila, akae wima, na abaki hivyo kama nusu saa. Akiwa na usingizi mzito, asiwekewe kitu mdomoni zaidi ya kulowanishwa midomo.

Dripu. Najua kwetu chupa ikining'inia ukoo wote unatulia, inaonekana kitu kinafanyika. Lakini chupa ya nusu lita ya glukosi ile ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani kama vijiko sita vya chai. Soda moja aliyokatazwa ina zaidi ya hapo. Dripu husaidia pale mtu aliyekauka maji kwa kutapika au kuhara anaporudishiwa maji, na hilo huamuliwa na anayempima. Kwa mwili uliochoka, wenye ini bovu, maji hukosa pa kukaa, yanavujia miguuni, tumboni, hata kwenye mapafu. Inawezekana miguu ilianza kuvimba kwa ugonjwa wenyewe. Lakini mimi ningemwomba yule kijana asitundike nyingine mpaka daktari aione hiyo miguu.

Mpira wa puani una wagonjwa wake: aliyezibwa koo, mwili bado una nguvu, njaa anaisikia. Kwa tumbo lililojaa uvimbe unaweza kuongeza kutapika, na wazee wengi huuvuta, mwisho mikono inafungwa. Msikatae kuuliza. Mwulizeni daktari utamsaidia huyu mama kitu gani, na mama mwenyewe anautaka? Dar vilevile. Taasisi ya Saratani Ocean Road ipo, inajulikana, lakini ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara na tumbo lile. Shemeji atafute jibu moja kwanza: kule kutafanyika nini ambacho hapa hakiwezekani? Mwanza kuna Bugando yenye idara ya saratani, na huduma mnayohitaji kuulizia kwa jina ni tiba shufaa, wanaoshughulika na maumivu, kichefuchefu, usingizi na familia. Pengine nauli ya mama ingemleta shemeji mwenyewe huku.

Sukari msimnyime. Hakuna ushahidi kwamba mgonjwa wa hatua hii anapona kwa kuacha chai ya sukari, na vitu vinavyopita kooni vimebaki vichache mno kuvipunguza. Mstafeli mama ameshaujibu kwa kuutema. Daktari aambiwe kwamba amekuwa akinyweshwa, kwa sababu ya hilo ini. Na mtu asije akakushawishi kununua vidonge vya kunenepesha dukani. Ni kweli ipo dawa jamii ya steroidi ambayo daktari huweza kuitoa iamshe hamu ya kula kwa wiki chache, lakini huchokonoa tumbo, hupandisha sukari na kulegeza misuli ya miguu. Atakayeipima faida na hasara ni daktari aliyemwona.

Sasa ile siri. Ukiendelea kama ulivyo, umemtii mama, na kwa mkamwana hilo si dogo. Alikuchagua wewe, akawaacha aliowazaa. Lakini angalia uongo umezaa nini: wifi anakushuku kwa sababu ya taarifa zako mwenyewe. Mtu anayesoma kila siku kwamba mama anakula vizuri, akafika akakuta mifupa, akili yake itakwenda wapi? Na daktari naye akiambiwa anakula, atapanga dawa kwa habari ya uongo. Ukitoa siri yote ghafla, mama atahisi umemwuza, na huenda Jumamosi ijayo kidevu kikashikwa tena.

Katikati pana njia kadhaa, na wewe unayeijua nyumba ndiye utakayeona ipi inapitika. Unaweza kurudi kwa yule aliyekupa siri ukamwomba ruhusa: "Mama, wanao wananiuliza mpaka nakosa la kusema. Nikiwaambia chakula kimekukataa, utakasirika?" Anaweza kukataa. Anaweza pia kusema, mlete huyo binti yangu nimwambie mwenyewe. Unaweza kuacha kuandika "amekula vizuri", ukaandika kilichotokea tu: leo amekunywa chai nusu kikombe, amecheka na wajukuu, amelala vizuri. Hapo hujaitoa siri yake na hujadanganya. Au maneno yatoke kwenye kinywa cha daktari, maana yakitoka kwako, hata yawe kweli tupu, yatasikika kama ya mkamwana anayejitetea.

Kuhusu jina la ugonjwa, sidhani ni mzigo wako kulitamka, wanawe wapo. Ila najiuliza kama kweli hajui. Aliyekwambia usiku chakula kimemkataa, nisaidie, anazungumza lugha ya mtu aliyeshaanza kuelewa. Shemeji anaogopa presha, na hofu hiyo siidharau, wapo wanaoshtuka. Lakini ukimya nao una gharama: kama kuna shamba la kugawa, mtu wa kupatana naye, padri au shehe wa kuitiwa, mahali anapotaka kulazwa siku ikifika, muda ndio huu. Mwanzo unaweza kuwa swali dogo, "Mama, mwenyewe unaonaje hali yako?", na kisha kunyamaza. Akigeuza maneno, ameshakujibu kwamba hataki, na hilo ni haki yake.

Wifi amekutukana mbele ya wanao, sitakwambia usahau. Nimegundua tu kwamba alikuwa analia huku analisha. Huyu ni binti anayemwona mama yake akipungua, na kijiko ndiyo kazi pekee anayoijua. Mtafutie nyingine: ampake mafuta miguu, amsuke, amsafishe kinywa. Akiikataa, utakuwa umejaribu. Mumeo naye usimhesabu haraka kuwa hajali. Anayechungulia mlangoni kila usiku kuna kitu anakitafuta, pengine hana pa kuanzia, na maneno "nisaidie na mama" ni mapana mno kwake. Mpe kazi yenye siku na saa: yeye na dada yake mkubwa waende kliniki pamoja, shemeji apigiwe simu wakiwa mbele ya daktari, waulize kuhusu ulimi, choo, ratiba ya morfini, dripu na mpira, wasikie kwa masikio yao.

Wewe siku hiyo usiende. Mwombe jirani au mwanajumuiya akae na mama, na dagaa zisubiri. Ulale.